Ijaza ya Msafiri

Katika mwaka wangu wa kumi na moja wa kufundisha chuo kikuu nilitia sahihi karatasi moja ambayo, kama ilivyodhihiri baadaye, sikuwa na uwezo wa kuitimiza. Ilikuwa mkataba wa masomo wa mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti wa kisiwani aliyekuwa akisoma ilimu ya bahari na viumbe vyake, ambaye alikuwa amechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja katika chuo kikuu kilichoko ukingoni mwa bahari ya Baltiki kwa fedha ya mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus+. Na ndani ya mkataba huo yaliandikwa masomo manne atakayosomeshwa huko, na mbele ya kila moja likaandikwa somo la kwetu ambalo lile la ugenini lingeshika mahali pake. Sahihi zilikuwa tatu: yake mwenyewe, ya chuo kilichokuwa kikimpokea, na yangu mimi kwa niaba ya chuo kilichokuwa kikimpeleka. Akaenda, akakaa miezi mitano katika baridi ambayo hakuwahi hata kuidhania, akafaulu masomo yote manne, akarudi na hati ya matokeo yenye muhuri. Alipoifikisha ofisini aliambiwa kwamba masomo hayo hayamo katika mtaala, kwamba alama zake hazina mahali pa kuandikwa katika daftari la chuo, na kwamba hana budi kuurudia muhula ule pamoja na wadogo zake waliokuwa nyuma yake kwa mwaka mmoja.

Aliurudia. Mzee wake, ambaye alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba mwanawe atamaliza mwakani, alivuka bahari kuja kuniona ofisini, akakaa kitini kwa adabu nyingi, akaniuliza swali moja tu: kwani huko alikokwenda, Mwalimu, hakuwa akisoma? Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, na makala haya, ingawa yamechelewa miaka kadha wa kadha, ndiyo jibu langu.

Yafaa kwanza nieleze mpango wenyewe ni kitu gani, maana wako wengi wanaoudhania kuwa ni sadaka ya matajiri kwa maskini, na dhana hiyo ni mzizi wa makosa mengi. Erasmus ulianza mwaka 1987 kwa wanafunzi 3,244 wa nchi 11 za Ulaya, waliotoka chuo cha nchi moja kwenda cha nchi nyingine kwa muda, kisha wakarudi kumalizia walikoanzia. Na jina lake linamkumbusha Desiderius Erasmus wa Rotterdam, mwanachuoni aliyeishi akihama mji hata mji kwa ajili ya kutafuta ilimu na kuifundisha. Tangu mwaka 2015 mlango wake wa masomo ya muda umefunguliwa kwa vyuo vya nje ya Ulaya, vya kwetu vikiwamo, na bajeti yake yote kwa miaka ya 2021 hadi 2027 inapita euro bilioni 26, ingawa fungu linalovuka mipaka ya bara lile ni dogo. Mwanafunzi huenda kwa miezi miwili hadi kumi na miwili, mwalimu au mtumishi kwa siku tano hadi miezi miwili. Na mwanafunzi atokaye kwetu hupewa posho ya baina ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kwa kadiri ya ughali wa nchi aendako, juu yake msaada wa nauli, wala chuo kinachompokea hakiruhusiwi kumtoza ada ya masomo. Fadhila zote hizo zimefungwa na sharti moja, nalo ni kwamba chuo kilichompeleka kiyahesabu masomo aliyoyafaulu ugenini kuwa sehemu ya shahada yake. Sharti hilo likivunjwa, fedha hubaki kuwa nauli na posho, na mwanafunzi hubaki kuwa mtalii aliyefanya mitihani.

Tuutazame sasa mguu wa pili wa safari, yaani wageni wanaotujia. Mjini Unguja, mtaani Vuga, iko taasisi iliyoanzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya Kiswahili na lugha za kigeni, ambayo watu wengi huijua kwa jina la TAKILUKI na ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar; na kwa miaka mingi vijana wa vyuo vya Ulaya na Marekani wamekuwa wakija hapo kukaa majuma kadhaa au miezi kadhaa, wakafundishwa ngeli na minyambuliko, wakala kwa wenyeji, wakapanda daladala, wakarudi kwao na vyeti vyao. Katika wote niliokutana nao sijapata kumsikia hata mmoja aliyeambiwa na chuo chake kwamba Kiswahili alichosomeshwa Vuga hakimo katika mtaala. Alama aliyoitoa mwalimu wa Kizanzibari ilisafiri naye, ikapokelewa, ikaandikwa. Kwa hivyo chuo cha mbali kinamwamini mwalimu wetu anapompima mtoto wao, nasi tumeshindwa kumwamini mwalimu wao anapompima mtoto wetu, ilhali makubaliano ni yale yale, na yana sahihi za pande zote mbili. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na kila mara hunichoma kwa upya.

Hunichoma kwa sababu kuuthamini usomi wa aliyesafiri si desturi ya kigeni kwetu. Sayyid Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alisoma kwa baba yake na kwa masheikh wa Hadhramaut, akawa kadhi wa Unguja angali kijana, akasafiri hadi Istanbul, akaonana na maulamaa wa Misri na Makka, kisha akarudi Unguja na kushika tena ukadhi. Rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alikwenda Makka na Hadhramaut kuchota ilimu, akarudi akafungua madrasa katika mtaa wa Ukutani, nayo ikawa kisima ambacho wanafunzi walikijia kutoka pande nyingi za mwambao. Na sifa yake ilienea hata akaitwa Cape Town, mwisho kabisa wa bara hili, kwenda kuwasuluhisha Waislamu waliokuwa wakihitilafiana. Wote wawili waliiaga dunia mwaka 1925. Na Lamu kwenyewe, Habib Saleh, ambaye naye asili yake ni Ngazija, aliijenga Riyadha, ambayo hata leo hupokea vijana wa makabila na nchi mbalimbali waliokuja kusoma na kulala hapo hapo.

Watu hawa walibeba nini waliporudi kutoka safarini? Walibeba ijaza. Mwalimu wa Tarim, huko Hadhramaut, au wa Makka alipokwisha kumsomesha mwanafunzi kitabu na kuridhika kwamba amekielewa, alimpa ruhusa ya kukifundisha, na katika ruhusa hiyo alitaja ni nani aliyemsomesha yeye, na aliyemsomesha mwalimu wake, hata silsila ikafika kwa aliyekitunga kitabu. Karatasi hiyo iliposhushwa jahazini katika bandari ya Unguja haikuulizwa kama kitabu kile kimo katika mtaala wa mji. Iliulizwa silsila yake, na silsila ikijulikana kuwa ni ya kweli, mwenye ijaza alikaa akafundisha. Fauka ya hayo, gharama za safari za namna hiyo zilikuwa na utaratibu: katika Al-Azhar ya Cairo palikuwa na maskani zilizoitwa riwaki, kila moja kwa watu wa nchi fulani, ikiwamo ile ya Jabarti kwa wanafunzi wa Pembe ya Afrika, nao walipewa chakula chao kutokana na mali ya wakfu. Mfadhili, mwenyeji, mwanafunzi na ijaza: mambo yote manne ambayo leo tunayasoma katika miongozo ya Brussels kana kwamba yamezuliwa jana, mababu zetu waliyafahamu, na lile la nne waliliheshimu kuliko sisi.

Wenzangu wa ofisi za usajili, ambao nawajua kuwa ni watu wa insafu na wenye kazi nyingi, watanijibu kwamba heshima haitoshi na kwamba daftari linataka hesabu. Na tuifanye hesabu. Ulaya mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, kwa hiyo muhula una 30; na shahada ya kwanza ya miaka mitatu ina 180. Tanzania, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, mwaka una krediti 120, muhula 60, na shahada ya miaka mitatu 360. Krediti moja ya kule ni sawa na mbili za huku, na hesabu hiyo inaweza kufanywa na mtoto wa darasa la tatu. Mwenye kutilia shaka na azitazame saa: krediti moja ya Ulaya inakadiriwa kuwa ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na ya Tanzania ni saa 10, kwa hivyo muhula wa kule unamdai mwanafunzi saa 750 hadi 900, na wa kwetu unamdai 600. Binti yule, aliyeambiwa kwamba hakusoma kitu kinachohesabika, alikuwa amefanya kazi zaidi ya wenzake aliowaacha nyumbani. Nakiri kwamba hesabu hii niliijua baada ya yeye kwisha kuurudia muhula; laiti ningaliijua mapema ningaliandika barua nyingine na kwa sauti nyingine.

Hoja ya pili ni ya masomo yenyewe. Somo la kwetu lilihusu mikoko na matumbawe, na la kule lilihusu bahari ya Baltiki, ambayo haina mkoko wala tumbawe. Inakuwaje basi moja lishike mahali pa jingine? Swali hili si la kupuuzwa, na linastahili kujibiwa kwa utulivu. Baltiki ni bahari iliyozingirwa na nchi kavu karibu pande zote, chumvi yake ni chache mno, maji yake hubadilika polepole sana, na mbolea inayochukuliwa na mito kutoka mashambani imeilisha mimea midogo ya majini kupita kiasi hata sehemu kubwa za kina chake zikakosa hewa, na pasipo hewa hapana samaki. Mwanafunzi aliyelisoma somo hilo mbele ya bahari inayougua atakaporudi na kusimama katika ghuba ya Chwaka, penye mikoko, mwani na wavuvi, ataona hatari ambayo mwenziwe aliyesoma matumbawe peke yake hataiona hata siku samaki watakapopungua. Kulinganisha masomo kwa majina yao ni kama kulinganisha vitabu kwa rangi ya majalada. Kipimo kinachofaa ni kile mwanafunzi anachoweza kukifanya baada ya kusoma: kupima maji, kusoma takwimu, kuandika taarifa, kueleza sababu ya kiumbe kuwapo mahali fulani na kutokuwapo pengine. Kwa kipimo hicho masomo yale mawili yalikuwa ndugu.

Lakini iko hoja ya tatu, isiyosemwa waziwazi, na hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote: kwamba kukubali alama za nje ni kuishusha hadhi ya shahada yetu. Tumewahi kuisikia sauti hii. Mwezi wa Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki aliowapata Marekani, ndege ya kukodi iliwachukua vijana 81 kutoka Nairobi kwenda kusoma katika vyuo vya nchi ile, na katika miaka michache iliyofuata wakaongezeka hata wakawa mamia. Mmojawapo, katika kundi la mwaka 1960, alikuwa Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma biolojia katika chuo kidogo cha masista huko Kansas. Wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakuipenda safari ile, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba vyuo vya Marekani ni duni na shahada zake haziwezi kutiwa mizani pamoja na za Kiingereza. Kenya ilipopata uhuru na kuhitaji watu wa kuendesha wizara, shule na hospitali zake, wengi wa wale wenye shahada zilizodharauliwa ndio walioshika kazi. Kudharau ilimu kwa sababu haikupita katika mlango wetu ni tabia tuliyoirithi kwa watu ambao wenyewe waliitumia kutuzuia, na sioni fahari yoyote ya kuihifadhi.

Wala si kweli kwamba Afrika ya Mashariki haijapata kuujua utaratibu ulio bora. Mwezi wa Juni 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, Julius Nyerere akiwa Mkuu wake wa kwanza, chenye vyuo vitatu ndani yake, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Na kwa kuwa nchi hizi hazikuwa na mali ya kujenga kila kitivo mara tatu, kazi iligawanywa. Kijana wa Mombasa aliyetaka udaktari aliweza kwenda Makerere. Wa Kampala aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Na mwenye kutaka sheria, atoke popote, alikwenda Dar es Salaam, ambako kitivo hicho kilikuwa kimeanza mwaka 1961 katika jengo la TANU kwa wanafunzi wachache mno. Willy Mutunga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisoma sheria Dar es Salaam; Yoweri Museveni alisoma hapo hapo kuanzia mwaka 1967; na kabla yao, Makerere iliwakusanya Nyerere, Mwai Kibaki, Milton Obote na Benjamin Mkapa, kila mmoja kwa wakati wake. Hakuna aliyeuliza kama alama ya Kampala ina mahali katika daftari la Dar es Salaam, kwa kuwa daftari lilikuwa moja. Mwaka 1970 chuo kile kilivunjwa, kila nchi ikashika njia yake, na nadhani katika kila kitu kilichovunjika baina ya nchi zetu katika miaka ile hiki ndicho ambacho hatujakililia vya kutosha.

Tangu hapo tumejaribu kukiunga kwa maazimio. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako Kampala, limefanya kazi kubwa ya kulinganisha viwango vya shahada, na mwezi wa Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza kwamba nchi zao zitakuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo lile nililifurahia kwa dhati. Lakini azimio halina nauli, na mwanafunzi wa Arusha ambaye angeweza kupanda basi asubuhi akafika Nairobi kabla ya magharibi hana mfuko wa kumpeleka huko kwa muhula mmoja, wakati uko mfuko wa kumpeleka Ulaya. Hata mpango mahsusi wa kuwatoa wasomi chuo kimoja cha Afrika kwenda kingine cha Afrika hulipiwa na Umoja wa Ulaya na kusimamiwa kutoka Brussels. Siwalaumu wanaolipa, nawashukuru. Ila mwenye kulipa ndiye mwenye kushika kalamu: katika mpango wa Erasmus+ ninaouzungumzia, chuo cha Ulaya ndicho kinachoandika maombi, ndicho kinachopewa fedha, na ndicho kinachosema ni nafasi ngapi na za fani zipi, na chuo chetu hungoja barua. Vyuo vyetu vikitenga sehemu ndogo ya mapato yao kila mwaka, vikaiita wakfu au jina jingine lolote, hata wanafunzi ishirini wangeweza kubadilishana baina ya Morogoro na Njoro, au baina ya Unguja na Mombasa, kwa mpango ulioandikwa na sisi wenyewe. Na fedha hiyo pia ingepotea bure, hata ile ya basi, kama anayerudi kutoka Mombasa ataambiwa kwamba alichokisoma hakihesabiki.

Walimu nao wana hasara yao, japokuwa haionekani upesi. Mhadhiri anayekwenda kufundisha ugenini kwa mpango huu anatakiwa afundishe saa nane kwa juma. Hurudi na mihadhara aliyoiandika upya, na vitabu, na marafiki, na aghalabu na namna ya kufundisha ambayo hakuijua. Akifika huambiwa kwamba somo haliwezi kuguswa mpaka mwaka wa kupitia mtaala. Halikadhalika vijana wetu wanaokwenda Marekani kwa mpango wa Fulbright kufundisha Kiswahili kwa miezi tisa katika vyuo vikuu vya huko: wanajifunza kazi ya kufundisha lugha kwa mtu ambaye hajawahi kuisikia, kazi ngumu na adimu, kisha wanarudi katika nchi ambazo wageni huja kwa ajili ya lugha hiyo hiyo, na waajiri wengi huuandika mwaka ule kuwa ni mwaka ambao hawakuwapo kazini.

Kuna shida nyingine ambazo sitazirefusha, kwa sababu zinajulikana na zina wenye kuzisema: viza ambayo mwanafunzi wa Unguja huifuata Dar es Salaam na wa Bukavu huifuata mpaka Kinshasa, matangazo yanayobandikwa zikiwa zimebaki siku tatu, posho inayofika baada ya mwanafunzi kwisha kukopa ya kuanzia maisha. Moja tu nitaitaja kwa urefu kidogo, nayo ni ya kalenda, maana iko ndani ya mamlaka yetu. Vyuo vya Ujerumani vina muhula unaoanza Aprili, vya Sweden vina muhula unaoanza katikati ya Januari, na vyetu, vikifunguliwa Oktoba au Novemba, huwa na mitihani au mwanzo wa muhula wa pili katika miezi hiyo hiyo. Kwa hivyo anayeondoka huacha nyuma mtihani mmoja na kukuta mwanzo wa masomo mengine umempita. Chuo kinachotia sahihi makubaliano ya kubadilishana wanafunzi kinajua tarehe hizo miaka miwili mbele. Kumpangia mwanafunzi mmoja mtihani maalumu ni kazi ya mchana mmoja, na nimewahi kuiona ikifanywa kwa wepesi kwa mchezaji wa mpira aliyeitwa timu ya taifa. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilitamani wepesi ule uwe ni haki ya kila anayetumwa.

Ninalolitaka kwa seneti za vyuo vyetu ni jambo moja, dogo kwa wino na kubwa kwa maana: mkataba wa masomo uwe na sahihi ya nne, ya msajili, na itiwe kabla mwanafunzi hajapanda ndege. Msajili akishasaini, awe amekwisha kukubali kwamba masomo yaliyoandikwa humo, mwanafunzi akiyafaulu, yataingia katika daftari kwa krediti mbili za kwetu kwa kila moja ya kwao; na kama haridhiki na somo mojawapo, aseme wakati ule, mwanafunzi achague jingine, wala asiachwe alipie kutoridhika huko kwa mwaka mmoja wa ujana wake. Pasipo sahihi hiyo, mwalimu wa idara kama nilivyokuwa mimi anaahidi kwa ulimi wa chuo ambacho hakijamtuma. Tangu mkasa ule mimi binafsi sikusaini mkataba wowote mpaka nimeupeleka kwa mkono wangu katika ofisi ya usajili na kungoja mlangoni. Mingine ilikubaliwa, mmoja ulikataliwa, na mwanafunzi mwenye mkataba huo alibadili somo, akaenda, akarudi, akahitimu pamoja na wenzake.

Binti wa kwanza alihitimu pia, baada ya wakati wake. Nakala ya mkataba wake ningali nayo, ndani ya bahasha moja na nakala ya hati ya matokeo aliyorudi nayo, na mara kwa mara huutoa nikautazama. Sahihi mbili katika zile tatu zilitimizwa: ya chuo cha Baltiki, kilichomfundisha kama kilivyoahidi, na ya kwake, iliyoandikwa kwa herufi za mviringo za mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kusoma.